Uso wa Mama Kijino

Mimi ni mhariri wa vitabu vya watoto, na ofisini wananiita Pilipili. Jina hilo sikuokota njiani. Mtu akinikuta kwenye foleni ya benki, akaniuliza kazi yangu, nikamjibu, naye akasema, "Ahaa, vile vitabu vidogo vidogo," damu hunichemka papo hapo. Vidogo kwa nani? Mtu mzima ukimchosha atakuvumilia, kwa sababu kitabu amekinunua kwa pesa yake na aibu anayo. Mtoto ukimchosha anainuka kwenda kunywa maji, na harudi.

Kila mwezi nina kikao changu kwenye maktaba ya watoto, mtaa wa nyuma ya ofisi yetu. Nakiita Nyuma ya Jalada. Namwalika mwandishi au mchoraji, anaketi mbele ya watoto, namuuliza kazi yake anaifanyaje, halafu watoto wanauliza ya kwao. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayowatoa wageni jasho. Kuna bwana mmoja, mwandishi mwenye jina lake, aliyeulizwa na mtoto wa chekechea kwa nini simba wake anaongea kama mwalimu mkuu. Alicheka kwa meno tu. Tangu siku hiyo nikimpigia simu, kila mara yuko safarini.

Lakini kikao ninachotaka kukisimulia ni kile nilichowaita Bi Nukta na Kifutio pamoja.

Bi Nukta ni mwandishi. Alifundisha darasa la kwanza mpaka akastaafu, na jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu ukimhamishia nukta moja tu kwenye maandishi yake, anakupigia simu kabla hujamaliza chai. Kifutio ni mchoraji, mdogo wake wa tumbo moja, amepishana naye miaka kumi hivi. Huyo hatembei bila kifutio mfukoni, kimelika mpaka kimebaki kama punje ya hindi, na akiwa na mawazo utamwona anakisugua kwa kidole gumba. Dada ana maneno, kaka ana mkono. Kwa pamoja wametoa vitabu vinane vya Kijino, mtoto mtundu asiyeacha kitu mahali pake, na mama yake. Ukiingia nyumba yenye mtoto, angalia chini ya kochi. Hukosi Kijino mmoja, kurasa zimekunjwa pembe.

Watu hudhani ndugu wakifanya kazi pamoja wanaketi meza moja, huyu anasoma, yule anachora, chai katikati. Thubutu! Kwenye kitabu cha kwanza nusura watoane roho. Bi Nukta alikuwa anasimama nyuma ya kiti cha mdogo wake. "Kijiko hicho kikubwa mno. Mlango wetu haukufungukia huko. Huyo kuku umemnenepesha kwa chakula gani?" Siku ya tatu Kifutio akavunja penseli vipande viwili, akaviweka mezani kwa adabu kabisa, akatoka. Wote wawili wakaja kwangu kushtakiana. Mafahali wawili hawakai zizi moja, nami nilikuwa na kitabu cha kutoa, kwa hiyo nikaweka sheria: mwandishi haingii jikoni kwa mchoraji, wala mchoraji haonji chungu cha mwandishi. Maneno yanakuja kwangu, mimi nampelekea Kifutio. Picha zinakuja kwangu, na Bi Nukta anaziona zikiwa zimeshakwisha, na akiziona anaruhusiwa neno moja: asante. Kuuliza marufuku.

Ikawa dawa. Wakabaki ndugu wanaopendana, wanaokula pamoja kila Jumapili na kusemana juu ya kila kitu chini ya jua, isipokuwa Kijino. Niliringa sana na sheria yangu. Nimeitangaza mpaka kwenye semina.

Sasa, picha za Kifutio zina jambo lake. Mama Kijino haonekani mzima. Katika vitabu vyote vinane unamwona kuanzia magoti kwenda chini: pindo la gauni, na miguu miwili, na kwenye mguu wa kulia kidole cha pili kimekipanda kidole gumba mgongoni. Watoto wanakipenda kidole hicho kuliko Kijino mwenyewe. Wanakitafuta kila ukurasa, wakikiona wanapiga kelele. Wataalamu nao hawakukosa la kusema. Mmoja aliandika makala ndefu kwamba mchoraji huyu ameshuka mpaka kimo cha mtoto, anaiona dunia kwa jicho la mtoto. Niliitoa nakala nikaibandika ukutani. Kifutio alipoisoma akasema, "Mh," akasugua kifutio chake.

Kisha ukaja mswada wa kitabu cha tisa. Kijino amepotelewa na kiatu, anatafuta nyumba nzima, anaanguka, analia, na sentensi ya mwisho inasema: Mama akainama, na Kijino akauona uso wake.

Nilipoisoma nilitabasamu. Nikadhani Bi Nukta ameamua kufunga mfululizo kwa heshima. Nikampelekea Kifutio, naye baada ya muda wake wa kawaida akaleta picha zote, nzuri kama kawaida, na ukurasa wa mwisho akaleta karatasi tupu yenye fremu ya penseli.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Mwambie Dada abadilishe hiyo sentensi."

"Kifutio, unamjua dada yako. Hata nukta habadilishi."

"Basi huo ukurasa utatoka hivyo hivyo."

"Huwezi kumchora, au hutaki?"

Akaangalia dirishani. "Andika unalotaka," akasema, akaondoka zake.

Nikampigia Bi Nukta. Nilitegemea kelele, na kelele ningeijibu kwa kelele, maana sikosi. Lakini sauti yake ilikuwa ya chini.

"Pilipili, nilijua hatakubali," akasema. "Nimemtega kwa makusudi. Mama yetu hakupigwa hata picha moja. Waliomfahamu wamekwisha, tumebaki mimi na huyu. Mimi hata kikombe siwezi kuchora, kikatambulika kuwa kikombe. Yeye Mungu amempa mkono, na miaka yote ananipa miguu. Miguu! Anaikumbuka mpaka kidole, mama alikuwa na kidole kile kile, nami nimekirithi. Sasa kama anakumbuka kidole, uso unamshinda nini?"

"Labda ni mtindo wake tu, dada yangu."

"Mtindo awapelekee wataalamu. Mimi nazeeka. Juzi nilimtafuta mama kichwani, nikachelewa kumpata. Nilisimama na ufagio mkononi, namtafuta. Nataka nimwone mara moja akiwa amekaa kwenye karatasi, asipotee tena. Huyu asipotaka kumchora, nitafutie mchoraji mwingine, nikae naye nimweleze."

"Umpe Kijino mtu mwingine?"

"Ndiyo."

Nilikata simu. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kinasubiri kurasa, lakini kiwanda nakiweza, nimeshagombana nacho mara nyingi. Hawa wawili ndio walionitisha. Kama Kijino angekwenda kwa mkono mwingine, Jumapili zile zisingebaki salama, na nilimjua Kifutio: angenyamaza, na unyamavu wake haufutiki kwa kifutio chochote. Nikakata shauri kuvunja sheria yangu mwenyewe, ila kwa ujanja. Nikamwambia dada kwamba kaka ameshakubali kuja Nyuma ya Jalada, nikamwambia kaka kwamba dada ameshakubali. Mbele ya watoto watu hawawezi kugombana. Ndivyo nilivyojidanganya.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu asubuhi. Watoto walikuja wakinuka mvua na biskuti, wakajipanga kwenye zulia kubwa la buluu. Maktaba ile ina amri moja isiyo na mjadala: hapandi mtu kwenye zulia na viatu. Mkutubi, mama mpole kweli kweli, kwa jambo hilo hana upole hata chembe. Aliwahi kumvua viatu mgeni rasmi, mkanda wa kiatu ukakatika, na hakuomba radhi.

Kifutio alifika mapema, akavua makubazi, akaketi kwenye kigoda karibu na ubao wa chaki. Bi Nukta alichelewa. Aliingia akihema, mwavuli umegeuka nje ndani, na mguu mmoja amekwisha kuutumbukiza kwenye dimbwi la getini. Nimemjua mwanamke yule miaka mingi na sijawahi kumwona bila viatu vya kufunika na soksi, hata wakati wa joto. Alisimama ukingoni mwa zulia, akamtazama mkutubi.

"Mimi nitakaa hapa pembeni," akasema.

"Pembeni watoto hawatakusikia, mama. Vua tu. Na soksi hizo zinachuruzika, lete nikuanikie dirishani."

"Mwanangu, mimi na miguu yangu..."

"Lete, lete. Utashikwa na homa bure."

Basi akavua. Akapita haraka haraka, akaketi kwenye kiti kifupi cha watoto, magoti juu, miguu mbele, na vidole vyake vikawa mbele ya macho ya watoto waliokaa chini. Nikafungua mdomo kuwakaribisha wageni. Nilikuwa nimeandaa swali langu la kwanza, zuri, juu ya jicho la mtoto. Sikulisema.

"Mama Kijino!" kikapiga kelele kitoto kimoja cha kike cha mstari wa mbele, kisicho na meno mawili ya juu. "Huyu ni Mama Kijino! Oneni kidole!"

Zulia zima likasogea. Watoto walitambaa, wakainama, wakalala kifudifudi, pua zao karibu na mguu wa yule bibi. Bi Nukta akaivuta miguu chini ya kiti, lakini utaificha wapi?

"Taratibu jamani," akasema, aibu na kicheko vinashindana usoni. "Kidole hiki ni cha mama yangu. Mama yangu alikuwa nacho, mimi nikakirithi, na kaka yangu huyu amekichora cha mama. Mmeelewa? Kurithi ni kama..."

"Na hili doa pia lipo!" akasema yule asiye na meno. Hakungoja somo. Alikimbia kwenye rafu, akachomoa Kijino wa tatu bila hata kutafuta, akafungua ukurasa wa jikoni, akakiweka kitabu sakafuni kando ya mguu wa kulia wa Bi Nukta. Mle kitabuni, karibu na kifundo, palikuwa na alama ndogo ya kahawia, kama jani lililokunjwa. Kwenye mguu wenyewe, mahali pale pale, palikuwa na kovu la moto, kama jani lililokunjwa.

Mimi nimeipitia picha ile zaidi ya mara mia kabla haijachapwa. Nilijua ni kivuli.

Bi Nukta akavaa miwani. Akainama, akatazama kitabu, akatazama mguu. "Hii nilidhani ni wino," akasema taratibu. "Miaka yote nasema, hawa wachapaji wanadondosha wino." Kisha akageuka kwa mdogo wake. "Hili kovu mama hakuwa nalo."

"Najua," akasema Kifutio.

"Hili nililipata mimi."

"Najua, Dada. Kidole mtu anarithi. Na kovu?"

"Ulilipata wapi, Bibi?" wakauliza watoto kwa pamoja. Watoto hawajui kwamba kuna maswali ambayo watu wazima huyazunguka. Ndiyo maana nawapenda.

"Uji," akajibu Bi Nukta. Sauti ilikuwa ya mwalimu bado, lakini imepungua. "Nilikuwa nampikia huyu uji. Sufuria ilikuwa nzito, ikaniponyoka."

"Kwani mama yenu alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameshafariki. Huyu alikuwa hajaanza hata kutembea vizuri. Baba alifanya kazi mbali, anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nikapika mimi."

Mvua ilisikika kwenye mabati ya veranda. Kifutio alikuwa amekitoa kifutio chake, anakisugua kana kwamba kuna kitu hewani anataka kukifuta.

"Sasa mama," akasema Bi Nukta, akimtazama yeye tu, "mama yuko wapi kwenye vitabu vyote hivi?"

"Hayumo."

"Hayumo vipi?"

"Simkumbuki, Dada. Sikumbuki uso, sikumbuki mguu, sikumbuki chochote. Nilikuwa naketi sakafuni, wewe unapita unafanya kazi. Ninachokijua ni hicho. Nimechora ninachokijua."

"Lakini ulikuwa unaniambia unamkumbuka! Kila nikikusimulia, unaitikia."

"Mara ya kwanza nilikwambia simkumbuki, ukalia. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nalikumbuka. Uliweka sahani chini ukalia. Nikaona heri niwe naitikia."

Ningependa kusema kwamba mimi, mwendesha kikao, nilipata neno la busara. Sikupata kitu. Nilikuwa natazama karatasi yangu ya maswali, na hasira ikanipanda, hasira ya kujikasirikia mwenyewe na sheria yangu niliyoitangaza kwenye semina. Swali moja tu lingetosha, miaka yote hiyo. Nani huyu? Na mimi ndiye niliyeweka marufuku.

Aliyetuokoa ni yule asiye na meno. "Basi amwambie," akasema, kama mtu anayewaeleza wajinga. "Bibi anamjua mama yake. Babu anajua kuchora. Bibi amwambie, Babu achore. Ubao huo hapo."

Kifutio akamtazama dada yake. Bi Nukta akaitikia kwa kichwa. Kumbe ndicho alichokuwa anakitaka siku zote, kukaa na mchoraji amweleze, ila hakujua kwamba mchoraji mwenyewe naye hakuwa na pa kuanzia.

"Paji la uso pana," akaanza. Chaki ikalia ubaoni. "Sio hivyo, shusha. Nyusi nyembamba. Macho yamekaa mbali mbali kidogo. Pua... pua ya kawaida."

"Kawaida ipi, Dada?"

"Kama... si kubwa. Hapana, hiyo kubwa. Na mwanya, hapa mbele. Midomo yake ilikuwa haifungi sawasawa, kama mtu anayetaka kusema kitu."

Kifutio alichora, akafuta, akachora. Na nawaambia, kikao kile hakuna mtoto aliyekwenda kunywa maji. Uso ulitokea ubaoni, wa mwanamke mzuri, mpole, mwenye mwanya. Bi Nukta akasimama, akaukaribia peku, akautazama muda mrefu.

"Siye," akasema.

"Niambie nibadilishe nini."

"Shavu. Labda shavu." Akabadilisha shavu. "Siye bado. Jaribu macho." Akabadilisha macho. Bi Nukta akaweka mkono wake juu ya mkono wa mdogo wake wenye chaki, akaushusha.

"Acha. Acha kabisa. Kila mstari unaouweka unanifutia ule niliokuwa nao. Nilikuja hapa nina mama nusu. Ukiendelea nitaondoka na huyu wa ubaoni, na huyu simjui." Macho yalimjaa maji, naye hakuyaficha. "Niachie nusu yangu."

Kifutio akachukua kitambaa, akaufuta ubao mzima, mpaka kwenye kona. Akafuta kwa uangalifu, kama anavyofanya kila kitu. Kisha akabaki amempa dada yake mgongo, mabega yamelegea. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu mzima. Hapo ndipo alipoombwa kitu kimoja maishani na mtu aliyempikia uji, na hakuweza kukitoa.

"Sasa Kijino ataona nini?" akauliza yule mtoto.

Nilikifunga kikao kwa kupiga makofi mwenyewe. Mkutubi akaleta soksi, bado zina unyevu. Ndugu wawili wakaondoka chini ya mwavuli mmoja uliovunjika, Kifutio ndiye aliyeushika, na aliuinamishia upande wa dada yake mpaka bega lake likalowa.

Nilisubiri. Kiwanda kikapiga simu, nikakipigia kelele, kikanyamaza. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuahirisha kitabu pale Kifutio alipoingia ofisini na bahasha kubwa kifuani. Nyuma yake alikuwa Bi Nukta, amevaa makubazi. Nikayaona, nikajifanya sijayaona.

"Leo umekuja naye?" nikamuuliza Kifutio.

"Sheria yako imekufa, Pilipili. Ila picha hajaiona bado. Nilitaka aione hapa, ili kama ataanza na mambo ya kijiko, wewe uwepo."

"Mimi? Lini nimesema juu ya kijiko?" akasema Bi Nukta, na wote watatu tukacheka, kicheko kifupi cha watu wenye wasiwasi.

Kifutio akaitoa karatasi, akailaza mezani, akaielekeza kwa dada yake.

Ilikuwa jikoni. Kijino ameketi sakafuni, kiatu kimoja mguuni, machozi mashavuni, na Mama ameinama kwake. Pindo la gauni ni lile lile la vitabu vyote. Miguu ni ile ile, kidole kimepanda, kovu karibu na kifundo, na safari hii kovu limechorwa wazi, hakuna tena wa kudhani ni wino. Lakini kwa mara ya kwanza jicho lilipanda. Gauni lilikuwa kubwa mno kwa aliyelivaa. Limefungwa kiunoni kwa kamba lisiburuzike, na bega moja limeteleza. Mkono ulioshika mwiko ulikuwa mwembamba. Na uso ule, uliomwinamia Kijino kwa makini yote ya dunia, ulikuwa wa msichana mdogo. Nywele zimesukwa upande mmoja, upande wa pili zimeachwa, kama aliyeitwa katikati ya kusuka. Ameuma mdomo wa chini kama watoto wanavyofanya wakibeba kitu kilichojaa.

Bi Nukta hakugusa karatasi. Aliinama tu, na bila kujua akauma mdomo wa chini.

"Huyu ni mtoto," akasema.

"Ndiyo."

"Nimeandika Mama akainama. Wewe umechora mtoto."

"Huo ndio uso wa kwanza ninaoukumbuka, Dada. Sina mwingine wa kukupa."

Nilikaa tayari kwa lolote. Yeye alikuwa anaitazama ile kamba kiunoni, lile bega, ule mkono mwembamba na mwiko. Kidole chake kilisogea juu ya karatasi bila kuigusa, kikafuata msuko ulioachwa nusu.

"Nilikuwa nakugombeza," akasema. "Nilikuwa nakupiga kofi ukimwaga. Miaka yote najiuliza, mtu mzima gani yule, asiyekuwa na subira na mtoto." Akavua miwani. "Kumbe nilikuwa mdogo hivi?"

Kifutio alitia mkono mfukoni, akakishika kifutio chake, akakiacha humo humo.

"Hata mimi sikujua," akasema. "Nimejua nilipokuwa nakuchora. Siku zile nilidhani wewe ni mkubwa."